Hedifoni zinatoa sauti ndogo na mwimbaji hasikiki kabisa, simu ndo mbovu au?

Sembe Nyeupe
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kabla sijaipeleka hii simu kwa fundi maana wale jamaa ukienda na shida moja unarudi na tatu. Nina simu ya Android, mwaka wa pili huu ninayo, ina lile tundu la hedifoni la kawaida na haijawahi kunisumbua. Sasa kama wiki tatu hivi nikichomeka hedifoni sauti iko chini mno, napandisha mpaka mwisho lakini ni kama mtu anaimba nyumba ya tatu. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kwenye nyimbo kinanda nakisikia, ngoma nazisikia kwa mbali, ila mwimbaji ndo hayupo, unasikia mwangwi wake tu kama katumbukia kisimani. Mimi niko kwaya naimba besi, mwalimu anaturekodia sehemu zetu na kuzituma kwa voisi za WhatsApp tujifunzie nyumbani, sasa hizo ndo balaa, hazisikiki kabisaa naona tu ile mistari inatembea. Nikichomoa hedifoni spika ya simu inapiga freshi. Jumapili tunaimba na mimi hata sijui naingilia wapi.

Kaka Mshua
Nunua mpya mkuu, hedifoni za elfu tatu unataka zipige kama ukumbi wa harusi

Sembe Nyeupe
Hii pea ya tatu hii mkuu, zote hivyo hivyo. Na hizi hizi nikichomeka kwenye simu ya mke wangu zinapiga mpaka naziogopa.

Mtu wa Korogwe
Simu yako isije ikawa ni used ya Ulaya. Mimi niliwahi kupata moja, kila nikipandisha sauti inaleta onyo kwamba utaharibu masikio, nikikataa inabaki pale pale. Kule sheria yao vifaa vya muziki vinaanzia kwenye kikomo cha desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ukitaka kuzidi lazima ukubali mwenyewe, na ukishasikiliza jumla ya masaa 20 linarudi tena kukuuliza. Nenda setingi za sauti, kama ni Samsung bonyeza kitufe cha sauti kisha fungua ile menyu ya juu utakuta kikomo cha sauti ya media, kizime. iPhone nao wanacho, kiko kwenye usalama wa hedifoni, kuna sehemu ya kupunguza sauti kubwa. Angalia pia kwenye ufikivu, kuna mstari wa kugawa sauti ya kulia na kushoto, mtoto akiuvuta upande mmoja unaweza kumlaani fundi bure.

Sembe Nyeupe
Nimeangalia vyote hivyo mkuu, kikomo kimezimwa na ule mstari uko katikati.

Chidi Bando
Pakua apu ya kuongeza sauti, zipo kibao, mimi yangu inafika asilimia 200

Mtu wa Korogwe
@Chidi Bando hizo apu nyingi zinakuletea matangazo mpaka kwenye skrini ya kufungulia simu, alafu kinachoongezeka ni mkwaruzo. Kama ni faili lenyewe limerekodiwa chini bora afungue na VLC, ile apu ya kuchezea muziki na video, ina uwezo wa kupandisha kupita asilimia 100 na haina matangazo. Ila huyu kwake hata nyimbo za kawaida hazisikiki.

Bibie wa Bluetooth
Samahani mwenye uzi nidandie hapo hapo. Mimi zangu hazina waya, zile ndogo za kikasha, tangu nizinunue sauti iko chini hata nikifika mwisho. Nifanyeje?

Risasi na Waya
@Bibie wa Bluetooth kwanza chukua mswaki mkavu wenye nywele laini, shika kipande kikiangalia chini usugue ile wavu polepole, nta ya masikio ikiziba pale sauti inakata nusu. Kama bado, ingia kuhusu simu, gonga nambari ya muundo mara 7, itakufungulia chaguo za wasanidi programu. Humo kuna sehemu inaitwa zima sauti kamili, yangu nimeiweka Kiswahili ndo inavyosoma. Iwashe, zima bluetooth uwashe tena. Hapo simu inakuwa na sauti yake na hedifoni inakuwa na yake, unapandisha zote mbili. Humo ndani usiguse kingine.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Wakuu mmekimbilia setingi lakini jamaa kasema neno moja mkaliruka: kinanda kipo, mwimbaji hayupo. Hiyo sio voliumu ndogo. Iko hivi, hedifoni ina waya wa kushoto, waya wa kulia, na waya mmoja wa kurudia ambao wote wawili wanautumia. Ule wa kurudia ukikosa kugusa, spika zako mbili zinajiunga zenyewe kwa zenyewe, na kile ambacho kiko sawa kushoto na kulia kinajifuta, kinachobaki ni tofauti yao tu. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, yuko sawa pande zote, kwahiyo ndo wa kwanza kupotea. Kinanda na vikorombwezo wakivisukuma pembeni vinabaki. Na voisi ya WhatsApp kushoto na kulia ni kitu kile kile, ndo maana kwako inafutika yote unabaki kutazama mistari.

Nijibu haya. Pini ya hedifoni yako ina mistari mingapi myeusi? Weka wimbo, bonyeza kile kitufe cha maiki ushikilie, mwimbaji anarudi? Alafu achia, sukuma pini ndani kwa kidole kwa nguvu kidogo, kuna kinachobadilika?

Kaka Mshua
Aisee kumbe ule waya wa karaoke tuliokuwa tunachomeka nusu nusu zamani ndo kitu hiki, tulidhani tumegundua

Sembe Nyeupe
Mistari mitatu. Kitufe nimebonyeza haibadiliki kitu, wimbo unasimama tu. LAKINI nikisukuma pini kwa kidole gumba mwimbaji anarudi mzima mzima! Nikiachia anazama tena. Nimekaa hapa kama robo saa namzamisha na kumuibua.

Risasi na Waya
Basi. Kitufe nilikuuliza kwa sababu kuna hedifoni za zamani maiki na waya wa kurudia zimebadilishana nafasi kwenye pini, ukizichomeka simu za siku hizi zinafanya ujinga huo huo na ukishika kitufe zinapona. Kwako sio hilo. Kwako pini haifiki mwisho. Kuna kitu kimejaa chini kwenye tundu, kila ukichomeka unakishindilia, kimekuwa kama kizibo. Chomeka hapo uniangalizie, kuna upenyo kati ya mwili wa simu na kitako cha pini? Na unafanya kazi gani?

Dada wa Zamu
Hahaha fundi soma jina lake jamani. Sembe Nyeupe.

Sembe Nyeupe
Nimekamatwa 😂 niko mashine ya kusaga Manzese mwaka wa nne huu. Simu naiweka mfuko wa mbele wa ovaroli na tundu linaangalia juu. Upenyo upo, ukucha unaingia.

Risasi na Waya
Umesaga mpaka simu. Sikiliza sasa, na tafadhali USIPULIZE kwa mdomo, mate yakikutana na unga humo utakuwa umesonga ugali. Zima simu kabisa. Tafuta kijiti cha meno cha mti, sio sindano wala pini ya nguo, mle ndani kuna vibati vyembamba vya shaba vimekaa pembeni ukivikunja ndo utamjua fundi vizuri. Kichonge ncha kwa wembe iwe nyembamba. Geuza simu tundu liangalie chini, ingiza taratibu mpaka mwisho, zungusha kama unachokoa uboho wa mfupa, toa, pangusa, rudia. Usibanduebandue pembeni, kazi yako iko chini tu. Ukiishiwa uvumilivu nenda kwa fundi mwenye blowa, mwambie apulize hewa tu bila moto, na usimame hapo hapo.

Chidi Bando
Na kama simu haina tundu, ya kutumia adapta?

Risasi na Waya
Tundu la chaji nalo linakula vumbi vile vile, kijiti hicho hicho, simu imezimwa. Ila adapta zenyewe haziko sawa, nyingine ni waya mtupu na nyingine zina kichakataji cha sauti ndani, ndo maana ya jirani inapiga kwako inagoma. Ile ya Apple ya USB-C ukiichomeka kwenye Android nyingi sauti inakuwa chini, inajulikana hiyo, sio wewe. Na kuna wale wanaookota hedifoni za studio za omu 250, yaani zenye ukinzani mkubwa wa umeme, wanachomeka kwenye simu, zile zinataka amplifaya, simu haiziwezi.

Sembe Nyeupe
Wakuu nimerudi. Kijiti cha kwanza kilitoka na vumbi tu nikakata tamaa. Cha pili nikahisi kinagota kitu kigumu, nikazungusha zungusha, kimetoka kipande kama nusu punje ya mchele, cha kijivu, kimekauka, nimekiponda kwa kucha ndani cheupeee, dona na sembe zimelaliana tabaka tabaka. Nilivyochomeka pini ikalia TAK, mlio ambao nilishausahau. Voisi ya mwalimu imenipigia sikioni nikazivua kwa kuzirusha, kumbe voliumu niliiacha juu mwisho. Nimesikia mpaka mwalimu anavyomeza mate. Na kumbe naingilia ubeti wa pili, wiki zote hizi nilikuwa naingia wa kwanza.

Kaka Mshua
Hilo la ubeti usilisingizie unga

Dada wa Zamu
Hongera. Sasa mimi niulize langu, niko wodini huku. Hizo hedifoni unazivaa pia mashine ikiwa inasaga?

Sembe Nyeupe
Ndio, ndo muda wangu mkubwa wa kusikiliza, ila pale lazima uweke mwisho ndo uambulie kitu.

Dada wa Zamu
Hapo ndo ninapoogopa. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na ukifika 90 unabakiwa na masaa manne tu kwa wiki nzima. Kila desibeli 3 zinazopanda muda unakatwa nusu. Mashine peke yake mnaongea kwa kupiga kelele, alafu wewe juu yake unaongeza muziki uishinde. Na waya unaoning'inia karibu na mkanda wa mashine hata sitaki kuuwaza. Jioni ukifika nyumbani kimya kimya, masikio yanalia nziiii?

Sembe Nyeupe
Yanalia kila siku. Yakifika asubuhi yanakuwa yametulia. Kwani si kila mtu?

Dada wa Zamu
Hapana kaka yangu. Si kila mtu. Nenda hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo, waambie unataka kupimwa usikivu, na ukiwa unasubiri usichokoe na pamba za vijiti. Mashineni vaa vile vikinga masikio vya kubana kichwani, wauza vifaa vya ujenzi wanavyo. Hedifoni ziache nyumbani.

Sembe Nyeupe
Jumatatu nina ofu. Nitaenda.

Risasi na Waya
Na simu igeuze, tundu liangalie chini.