Madalali wa mafao ya maveterani Marekani: wapigwe marufuku au waachwe?

Wakuu, naomba tulijadili hili maana ndugu zetu kibao wamepita jeshi la Marekani na wengine wako humo mpaka sasa, na likija suala la kudai mafao ya ulemavu kule VA (idara ya serikali yao inayohudumia maveterani) naona wengi wanaishia mikononi mwa madalali.

Iko hivi. Umetoka jeshini goti limeisha, masikio yanapiga mluzi usiku kucha, VA wanakupa asilimia ya ulemavu kuanzia 0 mpaka 100, inapanda kumi kumi, na hela ya kila mwezi inafuata hiyo asilimia wala haikatwi kodi. Sasa kuna kampuni zinakuja na stori ya sisi tutakupandishia asilimia, ikipanda unatulipa lile ongezeko la mwezi mara tano, wengine mara sita. Yaani ukiongezewa dola 1,000 kwa mwezi unawakatia 5,000. Kwa kazi gani jamani? Kukujazia fomu na kukufundisha ukifika kwa daktari useme nini.

Na sheria imekataza kabisa kumtoza veterani hela ya kumwandalia dai kabla VA hawajatoa uamuzi wa kwanza. Wakili mwenye kibali cha VA anachaji baada ya hapo tu, 20% ya malimbikizo (ile hela ya nyuma VA wanayokulipa dai likikubaliwa) haina maneno, ikivuka theluthi inahesabika imezidi. Ila mwaka 2006 Kongresi ikaondoa adhabu ya jinai. Kwa hiyo wakili anaogopa kunyang'anywa kibali, dalali ambaye hana kibali anyang'anywe nini? Hapo ndo huwa nachoka, anayefuata sheria ndiye anabanwa.

Msimamo wangu, adhabu irudi, hata kesho.

Mchangiaji wa 1: Mkuu umeongea upande mmoja. Vyama vya maveterani vinavyosaidia madai bure, DAV, VFW, American Legion, vimezidiwa, hasa tangu sheria ya PACT Act isainiwe Agosti 2022 na kuwafungulia mlango waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan. Unapiga simu, ikipokelewa unaambiwa subiri. Mtu mzima alikabidhiwa silaha, leo ashindwe kuamua hela yake amlipe nani? Louisiana 2024 wamewaruhusu na kuwawekea kikomo cha dola 12,500, mi naona ni akili.

Mchangiaji wa 2: Hicho kikomo au ndo bei? Subiri uone wangapi watachaji chini ya hapo. Ila na mleta mada asijidanganye na kubana, toka enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani mpaka 1988 wakili alikuwa haruhusiwi kuchaji zaidi ya dola 10 kwa dai la namna hii, kumi tu, sa nani angepoteza muda wake hapo? Veterani akabaki bila wakili.

Mleta mada: Foleni nakubali ipo. Lakini foleni haikuli hela kama umewahi kutuma kusudio la kudai, ile fomu 21-0966, hata kwa simu VA wanapokea. Ukishaituma tarehe yako inashikiliwa mwaka mzima, dai ukilikamilisha ndani ya huo mwaka na likakubaliwa, malipo kwa kawaida yanahesabiwa toka siku ile. So msubiri tu huyo wa bure. Na ambaye bado yuko kambini aanze kabla hajatoka, dirisha ni siku 180 mpaka 90 kabla ya kuondoka.

Halafu ndugu yangu wa kwanza, tofauti na wakili, jina la dalali halionekani popote kwenye faili. Wengine wanakuomba paswedi yako wanaingia wenyewe kama wewe. Dai likikutwa na uongo anayeitwa kujieleza ni nani? Wewe uliyesaini. Huo sio uhuru wa kuchagua.

Mchangiaji wa 1: Ya fomu na paswedi nimekuelewa. Ila bado sijashawishika, rudisheni adhabu leo bila kuajiri watu wa kuwasaidia bure, mwenye msongo wa vita asiyeweza hata kukaa na makaratasi nusu saa atakwenda wapi?

Mleta mada: Waajiriwe, nani kakataa? Mi nasema visisubiriane.