Mjadala: Afya ya matumbawe ipimwe na nani, mtaalamu au mvuvi?

BAMVUA (mleta mada)
Wadau, nina dukuduku. Miaka mitatu nimekuwa nahodha wa boti inayobeba wapimaji wa matumbawe huku Kwale. Kazi yao naijua. Utepe unalazwa juu ya mwamba, mzamiaji anaufuata polepole na kibao cha plastiki na penseli, anaandika kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe mfu, mwani, mchanga. Wakimaliza wanapanda gari, basi. Majibu hatujawahi kuyaona. Tunachosikia baadaye ni kwamba eneo fulani litafungwa.

Mimi nasema kazi hii wapewe wavuvi. Maji huwa moto zaidi Machi na Aprili, kabla upepo wa kusi haujashika. Tumbawe likizidiwa na joto linapauka, jeupe kama chokaa, lakini bado li hai. Maji yakipoa mapema rangi hurudi. Yasipopoa, linakufa na mwani unalivaa. Sasa anayeshuka Oktoba atajua vipi kama ni joto, baruti au juya, ule wavu wa kukokota? Aliyekuwapo Aprili ni mchokoa pweza.

KIBAO NA PENSELI
Nahodha, shikamoo. Nimesomea mambo ya bahari, na nakupinga nusu. Weupe hata mtoto atauona. Shida ni kwamba asilimia ya matumbawe hai peke yake hudanganya. Joto la 1998 lilipoua matumbawe mengi upande huu wa Bahari ya Hindi, yale ya matawi, Acropora, yaliumia vibaya kuliko yale ya mviringo yanayofanana na majabali, Porites. Leo unaweza kupima ukapata asilimia 30 ukasema pamepona, kumbe matawi waliyokuwa wakijificha samaki wadogo hayapo. Kuyatenganisha kunataka mafunzo. Tena tukibadilisha wapimaji kila mwaka, hatutajua kilichobadilika ni bahari au ni macho.

MAMA PWEZA
Mwanangu, mafunzo si yatolewe? Chumbe, kule Unguja, walichukua wavuvi wakawafundisha kuwa walinzi wa mwamba, na hadi leo upo.

Langu mimi ni jingine. Nikipima mimi, mkachukua namba zangu mkanifungia mwamba, nitarudi kwa wenzangu na uso gani? Halafu Aprili 2024 ilitangazwa kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima, kwa mara ya nne. Joto haliulizi hapa pamefungwa au pako wazi. Sasa kosa la joto alilipe mchokoaji?

KIBAO NA PENSELI
Mama, hilo la joto ni kweli tupu, kufunga hakupoozi maji. Kunasaidia baadaye. Tumbawe likishakufa, samaki kama pono na tasi ndio wanaokula mwani ili machipukizi mapya yapate pa kushika. Mkiwamaliza pono, mwani unatawala na mwamba hauinuki. Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji walifunga sehemu yao wenyewe miaka ya 2000, baada ya kuona samaki wanaisha. Hawakungoja kufungiwa.

MAMA PWEZA
Walifunga wenyewe. Hapo ndipo penyewe. Si barua ya ofisini.

BAMVUA
Kijana, la macho nimekubali, nimeliwaza usiku kucha. Basi utepe wa kila mwaka ubaki kwenu, mpimaji yule yule, mahali pale pale. Machi na Aprili tuachieni sisi: kila bamvua, maji yakitoka mbali kabisa, mtu apite pale pale penye alama, aandike majabali mangapi yamepauka, mangapi yameshavaa mwani. Picha ya simu inatosha. Lakini sharti langu halibadiliki: kabla hamjapanda gari, kibao kisomwe pwani, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Mkitaka kufunga, muanze na hiyo namba tuliyoiandika pamoja.

KIBAO NA PENSELI
Nalikubali. Ripoti zetu nyingi ni Kiingereza kitupu, aibu yetu hiyo.

MAMA PWEZA
Mmepatana vizuri. Na siku ya bamvua, ninapoacha mkuki nishike simu, pweza wangu wa siku hiyo atalipwa na nani?