Naomba ushauri: muvi gani naweza kuangalia na baba mkwe bila kuaibika?

Mkwe wa Kimara:
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja, baba mkwe yuko kwangu wiki ya pili sasa, katoka Tanga kaja kutibiwa goti na daktari kamkataza kutembeatembea, kwa hiyo kutwa nzima tuko sebuleni, yeye kwenye kochi kubwa mimi kwenye stuli kama nimekuja kuomba kazi. Wife anarudi saa moja usiku, mimi kazi zangu nafanyia nyumbani. Hali mnaiona.

Mimi ni mtu wa series. Nimetoka kumaliza Squid Game, ile ya Kikorea watu wanacheza kufa na kupona wakigombea hela, msimu wa 3, episodi zote 6 nimezikata usiku mmoja mzee akiwa kalala, na kusema kweli imenikera. Ule wa kwanza wa 2021 ulikuwa moto, wa pili nikavumilia, huu wa mwisho Gi-hun anakufa halafu hela anachukua kitoto kichanga ambacho hata kutambaa bado?? Tangu lini steringi akafa? Sisi tumekulia vibanda umiza, risasi zitapita kushoto zitapita kulia lakini steringi hafi.

Enewei. Juzi nikasema ngoja nimchangamshe mzee, nikaweka series moja ya Kikorea jamaa kaniapia ni ya kifamilia kabisa. Dakika ya arobaini hivi mvua inanyesha, wawili wanasogeleana, nikajua tayari, nikavamia rimoti nipeleke mbele, kumbe nimebonyeza pozi. Wakuu, picha ikaganda pale pale, midomo imegandana kwenye inchi 43, betri za rimoti nazo zikagoma. Mzee akakohoa, akaniambia "mwanangu hebu nisaidie nitoke nje nipunge upepo". Na goti lile.

Sasa naombeni muvi au series isiyo na mambo hayo, isiwe na damu nyingi maana na wanangu wawili wanakuwepo, na iwe ya Kiswahili au ieleweke bila kusoma, yale maandishi ya chini mzee hayaoni.

Kopo la Maziwa:
Midomo imegandana inchi 43 😂😂😂 nimecheka mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala kasogea. Pole mkuu, ungechomoa waya ukutani tu. Siku unayotaka umeme ukatike ndo haukatiki.

Shangazi Mdogo:
Wekeni tamthilia ya Jua Kali, Kiswahili mwanzo mwisho.

Kopo la Maziwa:
Shangazi unataka jamaa arudishiwe mahari? Mle michepuko na visasi kila siku, mzee ataanza kumuuliza maswali kuhusu ndoa ya binti yake.

Gogo la Mnazi:
Mleta mada Mungu anakuona. Nilikuwa episodi ya 4. YA NNE. Ungeandika hata "spoila" pale juu.

Mkwe wa Kimara:
Samahani sana kiongozi, hasira zilinizidi.

Pwani Huru:
Tafuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 50, mkoloni bado yupo, vijana wanapanga mambo yao gizani, na picha zake jamani, yule aliyepiga zile taa kwenye vichochoro apewe maua yake. Mimi naona ndo muvi ya kwetu iliyotulia kuliko zote nilizoona miaka ya karibuni. Inakwenda taratibu lakini, kama umezoea ngumi utasinzia.
Ila ngoja, nimekumbuka, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa halafu anapendana na Denge. Kuangalia hiyo na baba mkwe... amua mwenyewe.

Otis wa 254:
Buda hiyo ni shida ndogo, tafuta DJ Afro. Anachukua muvi ya Wachina anaitafsiri yote kwa Kiswahili na utamu anaongeza yeye, mzee hatahitaji kusoma chochote.

Mzee wa Kanda:
Sisi huku Bongo tulikuwa na mtafsiri wetu Lufufu, tusidharauliane. Anayeangalia muvi anasahau kama kuna Mmarekani anaongea.
Mkuu mpe The Gods Must Be Crazy, ile ya 1980 ya chupa ya soda inayodondoshwa na ndege kule Kalahari, maneno yapo lakini hata usiposikia kitu unacheka. Ukimaliza Mr Bean, huyo kuongea ni kwa nadra sana.

Ertugrul Junior:
Ertugrul wakuu, ile series ya Kituruki! Ina heshima, ina dini, ina mapanga. Netflix waliigawa ikawa episodi 448.

Kopo la Maziwa:
448?? Goti litapona, mzee atarudi Tanga, atakuja kutibiwa la pili, bado mko msimu wa tatu.

Bi Mkubwa Chumbageni:
Mwanangu, watu wote hapa wanakushauri wewe, umemuuliza mzee mwenyewe alikuwa anaangalia nini ujana wake? Mtu wa Tanga umri huo lazima kaingia sinema ya Majestic. Muulize picha za Kihindi, zile za zamani walikuwa hawabusiani, wanazunguka mti wanaimba, basi.

Mkwe wa Kimara:
MREJESHO
Bi Mkubwa shikamoo, Mungu akuweke. Leo baada ya chai nimemuuliza, mzee kakaa sawa kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu aje. Kumbe alikuwa kijana kwenye shamba la mkonge, wikiendi anateremka mjini kuingia sinema. Kanitajia Sholay ya 1975. Nimeitafuta, zaidi ya masaa matatu, tumekaa na watoto hatujanyanyuka, na mzee ndo mtafsiri wetu, Kihindi hajui hata neno lakini stori yote anayo kichwani, Gabbar Singh, yule jambazi, akitokea anawaambia wajukuu "huyo ndo kamkata Thakur mikono, subirini muone viatu vyake".
Alipokufa Jai, steringi anayechezwa na Amitabh, ile rafiki yake Veeru anagundua sarafu yake ina kichwa pande zote mbili, nikasikia sebule imekuwa kimya, kugeuka mzee anajifuta macho kwa kanzu. Akaniambia "steringi kufa mbona zamani tu mwanangu".
Kesho kasema anataka nyingine ya Amitabh. Niweke ipi?

Mzee wa Kanda:
Deewaar, mwaka huo huo. Ila na humo Amitabh anakufa, mikononi mwa mama yake, andaa leso mbili.

Bi Mkubwa Chumbageni:
Marahaba mwanangu. Usimlize mgonjwa kila siku, muwekee Amar Akbar Anthony, ndugu watatu wanapotezana utotoni na wote wanabaki hai. Na nunua betri za rimoti.