Tupeane uzoefu: rekoda ya bei nafuu kwa kamera za nyumbani, uliyonayo imekufaaje?

Mzee wa Visiga

Wakuu, habari za jioni. Nimeshapaua kibanda changu huku Visiga, na kabla familia haijahamia nataka nifunge kamera nne: getini, varanda ya mbele, uani karibu na simtanki, na banda la kuku. Kamera zenyewe nimeshazielewa. Kinachonivuruga ni rekoda, kile kifaa cha kuhifadhi picha za kamera. Nilizunguka Kariakoo, duka la kwanza wakasema chukua DVR, la pili NVR, la tatu XVR, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ananipoteza.

Bajeti ni ya mtumishi wa umma, msinitajie vitu vya benki. Na sitaki matangazo ya maduka. Mwenye rekoda nyumbani aseme alichukua aina gani, kwa nini, na lipi alitamani aambiwe mapema.

Fundi Waya

Hongera kwa kupaua, mkuu. Mimi ni fundi, nitasema ninayokutana nayo kwa wateja, wenye nyumba watajazia.

DVR inapokea kamera za analogi, zile za waya mnene wa koaksia wenye kichwa cha BNC. Kila kamera inataka njia ya picha na njia ya umeme wa volti 12. NVR inapokea kamera za IP kwa waya wa mtandao, Cat5e au Cat6, na ukichukua yenye PoE umeme unapita humohumo. XVR ni DVR iliyochangamka: inakubali analogi za karibu kila aina (AHD, TVI, CVI), na nyingi zinakuruhusu kuongeza kamera moja au mbili za IP juu yake.

Kwa hali yako ningechukua XVR ya chaneli 8, yaani nafasi za kamera nane, hata kama kamera ni nne. Bei yake haiachani sana na ya chaneli 4, na nyumba zilizobaki na kamera nne nazijua chache. Ukishaliona geti utataka uone na kona ya nyuma. Mtu akikuambia analogi imepitwa na wakati, muulize kama yuko tayari kukulipia tofauti.

NVR ya PoE ni nzuri zaidi, sibishi. Picha safi, waya mmoja, mwisho mita 100 kutoka kwenye swichi hadi kwenye kamera, na hapo kwako hufiki huko. Lakini jumlisha kamera zake kwanza ndipo uamue.

Chizi wa Sinza

Kwani rekoda ya nini? Nunua kamera mbili za Wi-Fi, Tapo au Imou, za kutumia memori kadi, chomeka ukutani, angalia kwenye simu. Mimi napanga, nikihama nahama nazo.

Mama Kuku

Chizi, kwa chumba cha kupanga uko sahihi. Kwa nyumba yenye uwanja mwizi anang'oa kamera na kadi yake ndani, na ushahidi umeondoka naye.

Ila hata rekoda inaondoka, ndicho kilichotupata. Waliingia kwa dirisha la sebuleni wakachukua TV, na rekoda ilikuwa chini ya TV hiyohiyo inawaka vitaa vya bluu. Wakaibeba. Polisi wanaomba picha, na picha zipo kwenye begi la mwizi!

Sasa hivi rekoda yangu iko chumba cha ndani kabisa, juu ya kabati la nguo, ndani ya kisanduku cha chuma chenye matundu na kufuli. Chini ya TV nimeacha king'amuzi kibovu kimechomekwa na waya mmoja wa uongo. Wakija tena wabebe hicho. Halafu kamera ya getini niliibadilisha, nikaweka ya IP inayokaa memori kadi, ili wakifanikiwa kuing'oa rekoda angalau sura iliyoingia getini ibaki mahali pengine.

Kwa hiyo Mzee, kabla ya kuuliza chaneli ngapi, jiulize utaificha wapi. Kisanduku ndicho kitakuambia ununue rekoda ya ukubwa gani.

Mzee wa Visiga

Mama Kuku pole sana. Na mimi nilikuwa nishapanga iwe chini ya TV! Hivi ikifichwa darini vipi?

Fundi Waya

Darini usiweke, mkuu. Chini ya bati saa nane mchana kuna joto ambalo diski ya kuhifadhia picha hailiwezi. Na sisimizi wanapenda vitu vyenye uvuguvugu. Nimefungua rekoda iliyokuwa inajizima ovyo nikakuta wameshajenga, na mjusi kakauka kwenye feni.

Joroge wa Ruiru

Sasa wakuu. Niko upande wa Kenya, yangu niliichukua mtaa wa Luthuli, Nairobi, DVR ya kawaida kabisa ya chaneli 4, na haijawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni waya. Kamera ya nyuma ilikuwa inafanya kazi mchana kutwa, ikifika jioni inazima, inawaka, inazima. Fundi wa kwanza akasema rekoda ni mbovu, ninunue nyingine kwake. Wa pili akaja na kipima volti, akapima kule kwenye kamera usiku: badala ya 12 zinafika 9 na kitu.

Waya ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba, mwembamba, na safari ndefu. Mchana kamera inakula umeme kidogo, usiku taa zake za infraredi za kuonea gizani zinawaka, inahitaji zaidi, volti zinaanguka. Tulibadilisha waya tu, ukawekwa wa shaba tupu. DVR ni ileile mpaka leo.

Kwa hivyo ukiwa na pesa kidogo, punguza kwa rekoda, usipunguze kwa waya. Kwangua kidogo kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, mrudishie.

Msimamizi wa Usiku

Joroge umesema kweli tupu. Naongezea diski.

Watu wanahangaika na rekoda, kumbe diski ya 1TB mara nyingi inaizidi bei DVR yenyewe ya chaneli 4. Wauzaji wanajua, ndiyo maana "seti kamili bei ya ofa" inakuja na diski ambayo hujui ilikotoka. Sisi tuliletewa diski nyeupe ya "mpya" kwenye ofisi yetu ndogo. Nikaingia kwenye menyu ya rekoda, sehemu ya diski, kwenye taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski, nikasoma saa ilizowahi kuwashwa. Ilikuwa na maelfu ya saa! Tukairudisha duka walikoitoa, wakakunja uso lakini wakabadilisha.

Tafuta diski za kazi hii, WD Purple au Seagate SkyHawk, zimetengenezwa kuandika usiku na mchana. Diski ya kompyuta itafanya kazi, sikatai, ila haikuundiwa kuandika saa 24 bila kupumzika.

Ukubwa piga hesabu mwenyewe. Kamera moja ikirekodi kwa Mbps 2 (megabiti mbili kwa sekunde) muda wote inakula GB 21.6 kwa siku. Nne ni GB 86.4. Diski ya 1TB inakupa siku 11 na kitu kabla haijaanza kufuta za zamani. Hiyo ni kwa rekoda yenye H.265, njia mpya zaidi ya kubana picha. Rekoda ya zamani ya H.264 ili ikupe picha ya ubora uleule inaweza kutaka mara mbili, na siku zako zinashuka hadi tano au sita. Kwa hiyo kwenye boksi tafuta H.265 kabla ya kuangalia maneno mengine yote.

Mzee wa Visiga

Asante sana, hii hesabu nimeiandika. Sasa kwenye boksi moja niliona "1080p Lite". Hiyo Lite ndiyo nini? Muuzaji alisema ni kwamba haili umeme.

Fundi Waya

😂😂 Haili umeme! Mkuu, Lite maana yake rekoda inahifadhi picha iliyobanwa upana: nukta 960 kwa 1080 badala ya 1920 kwa 1080. Ni nusu. Kwenye TV inavutwa ijae kioo, kwa hiyo huioni haraka. Utaiona siku unataka kusoma namba ya pikipiki. Soma karatasi ya ndani mahali panaposema rekoda INAREKODI kwa kiwango gani. Kamera ya megapikseli 5 kwenye rekoda ya Lite ni hela uliyoitupa.

Binti Fuoni

Assalaam alaykum. Mimi nipo Maskati, kamera zipo Fuoni kwa bi mkubwa. Tulichukua NVR ndogo ya chaneli 4 yenye PoE, maana nyumba iko jirani na upepo wa bahari na vichwa vya BNC vilikuwa vinashika kutu. Hata vya waya wa mtandao vinashika, ila kamera zinakuja na vifuniko vya mpira, fundi asivitupe tu.

La kwanza ninalotaka kusema ni bando. Rekoda inarekodi bila intaneti, hilo jamaa wengi hawalijui. Intaneti ni ya kuangalia kwa mbali tu. Nikifungua picha kubwa ya Mbps 4, saa moja inamaliza karibu GB 1.8 kule nyumbani. Nikichagua picha ndogo ya kbps 512 ni kama MB 230. Kwa kumchungulia mama kama kashaamka, ndogo inatosha kabisa.

La pili ni saa. Rekoda nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa saa za China, GMT+8. Nyumbani ni GMT+3, mimi huku niko +4. Siku kuku wa jirani walipoibwa tukaombwa picha za saa nane usiku, ndugu yangu akatafuta 08:00, hamna kitu. Akaenda 02:00, hamna. Kumbe tukio limeandikwa 07:00, kiza totoro na saa inasema asubuhi! Wekeni GMT+3 siku ileile ya kufunga. Na ikiwa saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ndani imekwisha.

Chizi wa Sinza

Umeme ukikatika si ndiyo wezi wanakuja? Hapo rekoda inawasaidia nini?

Mama Kuku

Kwetu tuna betri ya sola ya volti 12, 100Ah. Rekoda, kamera nne na ruta zinakwenda usiku mzima bila wasiwasi.

Fundi Waya

Vizuri, lakini usichomeke rekoda moja kwa moja kwenye betri ya sola. Ikiwa inachajiwa inapanda hadi volti 14 na zaidi, na diski inataka 12 iliyotulia. Weka kibadilishi kidogo cha kutuliza volti katikati. Asiye na sola, UPS ndogo yenye betri ya 7Ah inakupa kama saa moja hivi kwa seti ya kamera nne. Uzuri wa rekoda za bei nafuu ni kwamba nyingi zinatumia adapta ya volti 12, si umeme wa ukutani moja kwa moja, kwa hiyo kuziwekea betri ni rahisi.

Mlinzi wa Data

Hamjagusa la nenosiri, na ndilo limenileta hapa.

Shemeji yangu alifungiwa kamera na kijana mmoja, kazi safi. Kijana akasajili rekoda kwenye akaunti yake mwenyewe ya simu "kwa haraka", kisha akamgawia shemeji kuangalia. Kijana akahamia mkoa mwingine, namba haipatikani. Shemeji kabadilisha simu, anataka kuiongeza rekoda, inamwambia tayari ina mwenyewe. Ikabidi tuanze safari ya kuifungua na mtengenezaji, na muda wote huo kuna mtu mwingine anaweza kuiona varanda yao. Akaunti ifunguliwe kwa simu yako, fundi akiwa amesimama pembeni. Nenosiri la admin andika wewe, na barua pepe ya kulirejesha iwe yako.

Zile rekoda zisizo na jina ambazo zinakuja na admin na nenosiri tupu, badilisha kabla hujaziunganisha na intaneti. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka rekoda na kamera za namna hiyo kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani, zikatumika kuiangusha Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye rekoda zao hata hawakujua. Ndiyo maana mimi kwenye bei nafuu bado nachagua yenye jina, kwa mfano HiLook ambayo ni ya Hikvision, au ndogo za Dahua, kwa sababu programu zake za ndani zinapatikana mtandaoni kwa kuboreshwa. Na fundi akitaka kufungua milango ya ruta (port forwarding) ili uangalie ukiwa mbali, mkatalie.

Joroge wa Ruiru

Ongeza hii: siku ya kwanza jaribu kutoa klipu kwa fleshi. Yangu ilikuwa inatoa faili ambazo kompyuta ya kituo cha polisi haikuzifungua, mpaka nikachagua MP4 kwenye menyu. Zingine zinatoa .dav na lazima ubebe na kichezeshi chake.

Mzee wa Visiga

Wakuu nimeshiba. Naelekea XVR ya chaneli 8 yenye H.265, isiyo Lite, diski 1TB ya kamera, waya wa shaba, kisanduku stoo. Getini IP yenye kadi kama alivyofanya Mama Kuku. Kilichobaki ni kutafuta fundi, lipu inaanza Jumatatu.

Fundi Waya

Jumatatu?? Mkuu, simamisha fundi lipu kwanza. Chimba mifereji ya mabomba leo kesho, kutoka stoo hadi pembe zote nne za nyumba na moja ya kwenda getini, kila bomba uache kamba ya kuvutia ndani. Mabomba ya nyaya hizi yasipite pamoja na ya umeme mkubwa. Waya utanunua ukipata hela.

Mzee wa Visiga

Nampigia sasa hivi.