Kitabu nakisoma, kaye (daftari) imejaa, kichwani hakuna kitu. Fishi (kadi ndogo za noti) zinatengenezwaje?

Ibanda_L1
Jambo wote. Niko L1 (mwaka wa kwanza chuo kikuu) Historia, hapa Bukavu. Nimeazima biblioteki kitabu cha Kifaransa chenye kurasa 280, na baada ya siku saba lazima kirudi. Niko ukurasa wa 60, na kaye imeshakula kurasa 22, maana naandika karibu kila kitu. Nikiifunga siwezi kueleza hata sura ya kwanza inasema nini. Fotokopi ya kitabu kizima siiwezi. Noti za kunisaidia kwenye TP (kazi za mazoezi) na mtihani zinaandikwaje? Aksanti.

Fundi wa Fishi
Karibu, mdogo wangu. Kurasa 22 kwa 60 ni kunakili, si noti. Unaandika kitabu kikiwa wazi mbele yako, basi sentensi ya mwandishi inatoka jichoni inaingia kwenye biki bila kupita kichwani.

Anza na yaliyomo (vitabu vya Kifaransa mara nyingi huyaweka mwisho), utangulizi na hitimisho. Nusu saa. Andika kwa sentensi mbili: kitabu kinajibu swali gani? Halafu soma sehemu ndogo, kurasa tano hadi nane, bila kushika biki. Kitabu si chako, kwa hiyo usipige mstari hata kwa krayo; chomeka vipande vya karatasi kwenye kurasa za maana. Vikizidi vitatu kwa sehemu moja, umerudi kutaka kila kitu. Funga kitabu, andika kilichobaki kichwani kwa maneno yako. Ndipo ukifungue tena usahihishe majina, miaka na kurasa kwa biki ya rangi nyingine. Hiyo rangi ya pili inakuonyesha ni wapi ulidhani umeelewa.

Fishi zenyewe: kata karatasi ya A4 vipande vinne, kila kimoja sm 10.5 kwa 14.8. Wazo moja, fishi moja. Juu kulia weka mwandishi, mwaka, ukurasa. Tuseme sura inahusu 1908. Ukiandika "1908: Ubelgiji yachukua Kongo", umebaki na tarehe tu. Andika hivi:

Mbele: Kwa nini Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, aliachia Kongo?
Nyuma: Tangu 1885 nchi ilikuwa mali yake mwenyewe → uvunaji wa mpira kwa kazi ya lazima, mateso → ripoti ya Casement, konsuli wa Uingereza, 1904 → kelele Uingereza na Marekani → koloni la Ubelgiji, 15 Novemba 1908. Uk. 41–47.

Mishale ndiyo sababu. Mwalimu akiuliza "eleza", anataka mishale.

Katuba
Nakubali yote isipokuwa fishi toka siku ya kwanza. Mtu mwenye siku saba atamaliza na fishi 150 na hajui kitabu kilikuwa kinaelekea wapi. Kaye kwanza, kwa mpangilio wa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell: mstari wa wima kama sm 6 kutoka kushoto, na chini acha sm 5. Noti zinakaa kulia. Kushoto ni maswali, uyaandike jioni ile ile. Chini, sentensi tatu za muhtasari. Kurasa 15 za kaye zinatosha kitabu hicho. Fishi utazitoa kwenye maswali ya kushoto, tena yale yanayokushinda tu.

Halafu lugha, ndipo wengi wetu hapa Lubumbashi na huko kwenu tunaumia. Kitabu kikiwa kimefungwa, andika kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiria nacho. Ukijilazimisha Kifaransa, utatapika sentensi ya mwandishi. Lakini mtihani ni wa Kifaransa, kwa hiyo maneno ya kazi yaache yalivyo: *travail forcé* (kazi ya lazima), *concession* (eneo lililopewa kampuni), *annexion* (kutwaa nchi). Na zile sentensi tatu za chini ziandike kwa Kifaransa, bila kuchungulia. Angalia pia neno analochagua mwandishi: vitabu vingi vya Wabelgiji vinasema *reprise* (kupokea) pale wengine wanaposema *annexion*. Hilo peke yake linastahili fishi.

Ibanda_L1
Aksanti, mayaya. Maneno ya mwandishi mwenyewe niyanakili lini? Na fishi nizipitie mara ngapi?

Fundi wa Fishi
Katuba ana haki: kwa kitabu cha kuazima, kaye itangulie.

Nakili pale tu unapohitaji neno lenyewe: ufafanuzi, au sentensi utakayobishana nayo. Funga kwa « » papo hapo, na ukurasa wake. Usipoweka, baada ya miezi miwili utadhani ni yako, utaitia kwenye TP, na asistanti ataitambua. Maoni yako yatangulize na herufi M. Kaye isiyo na M hata moja ni ya mtu aliyeitikia tu kitabu kizima.

Kupitia: kesho yake, siku ya tatu, ya saba, kisha baada ya mwezi. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Ndiyo maana siku za mwanzo zinabanana. Usiisome fishi. Jibu kwa sauti, ndipo uigeuze. Iliyokushinda inarudi kesho, hata kama unaona "nilikuwa karibu".

Nyawera
Nyongeza ndogo. Kupiga picha kurasa zote kwa simu ni kunakili kule kule, tena bila hata kuchoka mkono. Piga ukurasa wa jina la kitabu, ule wenye mchapishaji, mji na mwaka, yaliyomo, ramani na majedwali. Kabla hujakirudisha, hakikisha namba ya ukurasa inaonekana kwenye kila picha. Kidole gumba hupenda kukaa hapo hapo.