Ushauri: TPM imekwama, maopereta hawataki kushika grisi

Msimamizi_Laini: Wakuu habari, naombeni ushauri maana hata usingizi sina. Kiwandani tumeanza TPM (utaratibu wa kutunza mashine unaomshirikisha kila mtu, hadi opereta) na mimi ndo nimekabidhiwa. Mashine ya mfano tumeshaisafisha, kila kasoro tumeibandika tagi, ila maopereta wanagoma kupaka grisi na kukaza bolti, wanadai ni kazi ya mafundi. Nifanyeje? OEE (kipimo cha ufanisi wa mashine) imeshafika 91%, sitaki ishuke.

Kaizeni_Kwanza: Anza na 5S mkuu, yaani kuchambua, kupanga, kusafisha, kuweka utaratibu na kuudumisha. Bila hiyo TPM ni mabango tu ukutani.

Mama Shifti: Sisi kuna kijana alipewa pampu ya grisi bila kufundishwa, akaminya weee mpaka sili ya beringi ikachomoka, beringi ikachemka, laini nzima ikalala. Opereta aanze na kusafisha, hapo ndo ataona ufa, bolti iliyolegea, mafuta yanapovujia. Mambo ya grisi yanakuja hatua ya tatu.

Kimya_Kimya: Mafundi je? Mbona hujawataja

Msimamizi_Laini: Wapo, ila hawatoi ushirikiano.

Kimya_Kimya: Kwa nini?

Msimamizi_Laini: Haya niseme tu. Maopereta wakishaiva, nusu ya mafundi hawaongezewi mkataba, tangazo limeshatoka. Msinihukumu jamani, gharama zimepanda na mapendekezo niliandika mimi, siwezi kwenda kuyafuta. Na TPM si inasema opereta aitunze mashine yake?

Mzee wa Zamu: Mdogo wangu, unamwambia mtu afundishe wenzie halafu aondoke, nani atakubali? Nakajima, mwasisi wa TPM, na wenzake kule Japani walitaka opereta abebe usafi na ukaguzi wa kila siku ili fundi apate nafasi ya matengenezo ya kupangwa na kutafuta chanzo cha hitilafu. Riziki ya mtu usiichezee.

Beringi62: Samahani, mi naona hii ni chai. OEE 91% mafundi wamegoma? Weka namba.

Msimamizi_Laini: Sio chai ndugu. Upatikanaji wa mashine 88, kasi 90, ubora 95.

Beringi62: Sasa OEE inaizidije 88? Hizo zinazidishwa, nyie mmejumlisha mkagawa kwa 3. 0.88 × 0.90 × 0.95 ni kama 75%. Ile 85% wanayoita ya kiwango cha dunia bado hamjaigusa.

Msimamizi_Laini: Fomu ya ofisini ndo inapiga hesabu hivyo, na imeshapelekwa juu. 75 nayo si mbaya.

Mama Shifti: Kwa hiyo watu wanaondolewa kwa 91 ambayo haipo?

Msimamizi_Laini: Mama usiiweke hivyo.

Mzee wa Zamu: Iwekwe vipi? Asilimia 12 ya muda uliopangwa mashine zimesimama, na wa kuzirudisha kazini ni haohao unaowatoa. Peleka hesabu sahihi kabla mikataba haijaisha.

Msimamizi_Laini: Nimewasikia, nitaongea na bosi. Ila swali la maopereta hamjanijibu.

Mama Shifti: Fundi na opereta wasafishe mashine moja pamoja, fundi amuoneshe kila nipeli (sehemu ya kuingizia grisi) na kiasi chake cha grisi, wazipake rangi wakiwa wote. Ila huyo fundi awe na uhakika kwamba mwakani yupo.