Eksirei ya goti: kulala au kusimama?

Swali (Embakasi, Nairobi): Mama ana miaka 60, goti linamuuma akipanda ngazi. Eksirei imetoka "sawa". Tulipie MRI (picha ya mashine ya sumaku)?

Jibu: Alipigwa picha akiwa amelala? Hapo ndipo watu wengi hupotoka. Gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halionekani kwenye eksirei. Kinachotazamwa ni nafasi kati ya mifupa, na bila uzito wa mwili nafasi hiyo huweza kuonekana pana kuliko ilivyo. Arudie akiwa amesimama, magoti yote mawili, yamekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30 hivi.

Jibu: Naunga mkono. MRI ina maana zaidi goti likikwama au kulegea ghafla. Ana betri ya moyo? Semeni mapema, kabla hajaingia chumbani. Skrubu za chuma gotini nazo huchafua picha ya MRI. Za titani, afadhali.